Katikati ya Barua

6 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Naanza na wewe kabla sijaanza na mimi. Unaendeleaje? Barua yako ya Januari aliniletea dereva wa lori la ng'ombe, akanipitishia dirishani bila kuzima gari, maana anasema akizima haliwaki tena. Nimeisoma. Nimefurahi umesema uko salama. Ila hujaniambia ule mkono uliobanwa langoni na ng'ombe umepona au vipi. Nakaa nauwaza huo mkono kana kwamba ni wangu.

Mimi mzima. Magoti yanalalamika asubuhi, jua likipanda yananyamaza. Mdogo wako alipita Jumapili, akanirekebishia bomba, akala, akasinzia kwenye kiti na viatu vyake, akaondoka. Fundi cherehani jirani yangu anakusalimu. Anasema mjukuu wake anadhani mimi nina mtoto mmoja tu, huyu mdogo wako fundi magari. Nilicheka, lakini nilipoingia ndani sikucheka.

Sasa sikiliza. Shule ya hapa, hii iliyo nyuma ya zahanati nilikokuwa nafua mashuka, kuna mwalimu anastaafu mwezi wa sita. Kutoka mlangoni kwangu ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu. Miaka kumi na tisa umewafundisha watoto wa watu wa ng'ombe huko ranchini, nani atasema binti yangu hakufanya kazi? Chumba chako kipo. Nimetoa magunia, godoro nimelianika.

Nijibu unarudi lini. Na ule. Chai peke yake si chakula.

Mama yako


18 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Niko salama. Mkono ulipona tangu Desemba, nilikuandikia mwezi uliopita katikati ya barua. Na ninakula.

Hii wiki ilikuwa nzuri, ngoja nikueleze. Unajua Alhamisi ni siku ya josho. Ng'ombe wa ranchi nzima wanaletwa kuogeshwa dawa ya kupe, na familia isiyo na watu wa kuswaga inapoteza zamu yake mpaka wiki inayofuata. Kwa hiyo siku hiyo darasani hakanyagi mtoto. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa Alhamisi nzima na ubao wangu peke yetu. Mwaka wa pili nikaupakia ubao kwenye mkokoteni, nikaufuata mkia wa ng'ombe. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Watoto wanakaa juu ya uzio, foleni ya ng'ombe inapita chini ya miguu yao, mimi nasimama upande wa pili nikiuliza maswali. Wamepita arobaini na wanane, mazizi ni sita, kila zizi wangapi? Yupo msichana wa darasa la saba tunamwita Kamba, kwa sababu haji shule bila kamba begani. Akanijibu, "Wanane, Mwalimu. Lakini usiwaweke wanane zizi la tatu, lango lake bovu." Hesabu za huku ndizo hizo.

Na yule mchungaji mzee aliyempa ndama dawa mara mbili kwa kuwa hakuweza kusoma chupa, sasa anakuja kila mchana watoto wakiwa wanakula. Anakaa dawati la nyuma, magoti yamekaribia kidevu, anasoma maandishi ya chupa kwa sauti kama anayegombana nayo. Jumatano alifika kwenye neno "tikisa". Akatikisa.

Kinachonikosesha raha ni idadi. Tuko ishirini na watatu. Shule ikionekana haina wanafunzi ishirini, ofisi inaifunga, na watoto wanapelekwa shule ya barabara kuu, kilomita arobaini. Wavulana labda watapanda lori. Kamba na wenzake watabaki nyumbani. Halafu mwalimu ni mimi tu. Waliowahi kuletwa walikaa wiki mbili wakaondoka na lori lililowaleta. Darasa la saba wana mtihani Oktoba, mama. Mwaka huu siwezi kutoka.

Nitakuja likizo ya Desemba.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Barua nimeipata, nimeisoma, nashukuru uko salama. Desemba ni mbali.

Fundi cherehani alinisomea gazetini kwamba fahali amemuua mtu. Nikamuuliza wapi, akasema hapajaandikwa. Nikamwambia asinisomee tena magazeti. Wewe unaamka na pembe, unalala na pembe, halafu unataka mimi nitulie. Na mimi si msichana. Juzi niliteleza bafuni. Si kitu, nilijishika kwenye ndoo, ila nilikaa pale chini nikajiuliza, hapa ningekaa mpaka nani aje?

Nina ombi dogo. Niandikie namba yako ya ajira, ile ndefu, na ofisi yako kuu inaitwaje. Kuna fomu nataka kujaza, mambo ya bima ya wazazi wa watumishi. Usijisumbue kuuliza, nitakueleza. Weka mwishoni niione upesi.

Mama yako anayekuwaza


15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Niko salama, ila nina wasiwasi kidogo. Mkaguzi wa shule alikuja Alhamisi bila taarifa. Akakuta mlango wazi, madawati matupu, na karatasi yangu ukutani imeandikwa "Tupo joshoni". Josho ni mwendo wa nusu saa kwa mguu na ilikuwa imenyesha. Nadhani aliviangalia viatu vyake akaamua. Aliniachia karatasi mezani: "Nimefika saa nne. Wanafunzi: hakuna." Nimeandika maelezo nikayatuma ofisini. Nategemea yatatosha.

Mwambie mdogo wangu akutandikie mkeka wa mpira bafuni. Usingoje mpaka Jumapili.

Ofisi ni Ofisi Kuu ya Elimu, iko hapo hapo mjini kwenu. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi. Ni bima gani hiyo?

Mwanao


22 Aprili

Mama,

Unaumwa nini? Niambie kweli.

Leo nimepata barua ya Ofisi Kuu. Nakuandikia ilivyo: "Kufuatia ombi la uhamisho lililoletwa na familia kwa niaba yako, kwa sababu ya mzazi mgonjwa asiyejiweza kitandani, ombi limekubaliwa. Aidha, kwa kuwa mkaguzi hakukuta wanafunzi, na kwa kuwa mwalimu pekee anaondoka, shule itafungwa tarehe thelathini Juni."

Nimeisoma mara nne. Sijui nani ameomba. Sitaki kuliwaza hilo sasa. Tangu lini uko kitandani? Mdogo wangu kwa nini hakuniandikia? Dereva yuko nje ananingoja nimalize hapa. Anasema wiki iliyopita alikuona umebeba ndoo ya maji, lakini huyu naye husema chochote ili mtu asilie mbele yake.

Begi nimefunga. Ukisema njoo, napanda lori linalofuata.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu,

Fungua begi. Siumwi. Dereva amekwambia kweli, na ndoo zilikuwa mbili.

Ni mimi. Hakuna bima. Fundi cherehani ana binti anayejua kuandika barua za ofisini. Alikaa mezani kwangu akaandika kwamba mimi mzazi naomba mwanangu aletwe karibu, akaweka namba yako, mimi nikatia sahihi. Neno la kitandani alilitia yeye, akasema bila kitandani hawasikii. Lakini nilikuwepo na sikumkataza, kwa hiyo ni langu.

Nilifanya kwa sababu naogopa. Kila lori likisimama hapa naangalia kwanza uso wa dereva kabla sijaangalia mkono wake, nione kama ana habari mbaya. Mtu hawezi kuishi hivyo miaka kumi na tisa. Nikasema moyoni, nikimuuliza atakataa, nisipomuuliza atakuja, na akishakuja atazoea. Sikujua kama kuna shule itafungwa. Hilo sikulijua kabisa. Ningelijuaje?

Nisamehe. Lakini kama tayari wamekubali, basi njoo tu, tutaomba radhi tukiwa wote.

Mama yako


8 Mei

Mama,

Ningelijuaje, unauliza. Nilikuandikia Februari kwamba bila wanafunzi ishirini shule inafungwa. Nilikuandikia Machi kwamba mkaguzi alikuja Alhamisi, na Alhamisi tuko joshoni. Unazisoma barua zangu?

Leo niliwaambia wazazi. Hawakunilaumu, na hilo ni baya zaidi. Mama yake Kamba aliniuliza kama mwezi wa sita una siku thelathini au thelathini na moja. Nimeiandikia ofisi kwamba sikuomba kuondoka. Wamejibu kwamba ombi la mzazi liko kwenye faili, na maelezo yangu kuhusu josho hayana ushahidi.

Nimeshukuru kwamba huumwi, nimeshukuru sana. Lakini sitaandika kwa muda.

Mwanao


31 Mei

Mwanangu,

Umenyamaza wiki tatu, na ni haki yako. Dereva akipita nasimama dirishani, ananionyesha mikono mitupu, tunasalimiana hivyo hivyo.

Uliniuliza kama nazisoma barua zako. Nasoma juu na nasoma chini. Juu unasema uko salama, chini unasema unakuja lini. Katikati maneno ni mengi, mwandiko wako mdogo, na mimi niliishia darasa la tatu, nasoma kwa kidole. Nikiliona neno salama moyo unatulia, naikunja, najiambia ya katikati nitasoma kesho. Hiyo kesho ndiyo imefika miaka kumi na tisa. Sikutupa hata moja. Ziko kwenye mfuko wa unga chini ya kitanda. Ile ya begi na hii ya hasira tu ndizo nilizisoma zote, kwa kuwa zilikuwa fupi, na hii kwa kuwa ilinistahili.

Jumatatu nikavaa gauni la buluu, nikaubeba huo mfuko, nikaenda Ofisi Kuu. Mlinzi akauliza nina miadi na nani. Nikasema sina miadi, nina kosa. Akanionyesha benchi. Nikakaa mpaka wakafunga. Jumanne nikakaa benchi lile lile. Saa nane akatoka ofisa mwenyewe, mama mmoja wa miwani mwenye sauti ya kuchoka.

"Mama, unamngoja nani?"

"Yeyote mwenye faili la mwalimu wa ranchi."

Akalitafuta, akalisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Hapa ameandikwa mzazi asiyejiweza kitandani."

"Ndiye mimi."

"Umefikaje?"

"Kwa miguu. Nimekuja kuuchukua uongo wangu."

Hakucheka. Akasema kuidanganya ofisi si mchezo, angeweza kuniitia watu. Nikamwambia awaite, ila shule asiifunge kwanza. Akasema shule haifungwi kwa ajili yangu tu, inafungwa kwa sababu mkaguzi alikuta madawati matupu.

"Lakini ilikuwa Alhamisi," nikasema.

"Alhamisi ni siku ya shule, mama."

"Kwao ni shule ya joshoni. Mwanangu ameniandikia."

"Ameandika lini? Baada ya kukaguliwa kila mwalimu ana maelezo."

Hapo nikaumwaga mfuko mezani kwake. Barua zikaangukia faili, nyingine zikaenda chini. Nikamwambia, "Zitafute Alhamisi humo. Zina tarehe. Mimi sisomi upesi."

Nadhani alichukua moja ili anitulize tu. Akaanza kimya kimya. Nikamwambia soma kwa sauti, hata mimi sijazisikia. Akaniangalia tena, safari hii kwa muda. Halafu akasoma. Alisoma ile ya ubao kwenye mkokoteni. Alisoma ya mwaka wa mafuriko, mlipofundishia ghalani juu ya marobota ya nyasi, na mtoto mmoja akasinzia ukakataza asiamshwe kwa sababu alikesha na ng'ombe anayezaa. Alisoma ya yule mama aliyekuletea maziwa kila siku mwezi mzima bila kusema kwa nini, mpaka ulipogundua mwanawe amejifunza kuandika jina la marehemu baba yake. Alipofika kwa mchungaji na chupa, akasoma "akatikisa", akasimama, akawaita wenzake wa chumba cha pili. Wakaja wawili na vikombe vyao vya chai.

Mwanangu, watu nisiowajua walikuwa wanakucheka kwa mapenzi, na mimi niliyekuzaa ndiyo kwanza nasikia. Niliona aibu. Halafu nikajiona mkubwa. Halafu aibu ikarudi. Mimi nilikuwa nakufikiria umekaa mahali pa upweke unangoja kurudi. Kumbe hukuwa unangoja kitu.

Wakazihesabu Alhamisi. Walipofika sitini mmoja akasema zimetosha. Ofisa akaniambia atamrudisha mkaguzi, na safari hii aende joshoni. "Akiwakuta watoto nafunga faili. Asipowakuta nafunga shule." Siku hakunitajia, akasema nikijua wewe utajua.

Kisha akanipa karatasi ya kufuta ombi. Akaniuliza, "Unaelewa kwamba ukitia sahihi hapa, mwanao harudi?" Nikasema naelewa. Nikatia sahihi, na inasomeka.

Sikuombi unijibu. Nilitaka ujue tu kwamba anakuja.

Mama yako


16 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeandika kwa herufi kubwa na nimeacha nafasi kati ya mistari. Soma polepole, haiendi popote.

Alikuja Alhamisi iliyopita, na mabuti ya mpira. Sikuacha kufundisha, maana foleni ilikuwa imeanza na fahali wa meneja alikuwa hataki kuingia. Mkaguzi akasimama karibu na mlango wa josho aandike. Kamba akamwita kutoka juu ya uzio, "Mzee, sogea kushoto, unawatisha." Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amesogea kushoto.

Akamuuliza mtoto wa darasa la pili, "Hapa mnasoma au mnafanya kazi?" Mtoto akamjibu, "Leo ni hesabu. Kesho tutakaa." Akawahesabu mmoja mmoja kwa kalamu. Ishirini na watatu. Mchungaji wangu mzee akanyoosha mkono kutoka mwisho wa uzio, chupa mkononi, akasema, "Na mimi." Mkaguzi akamwambia yeye haingii kwenye idadi. Akasema, "Niandike hivyo hivyo." Basi akaandikwa chini, mtu mzima mmoja.

Jana imekuja barua. Shule inabaki. Uhamisho umefutwa. Na kwenye ratiba ya shule yetu, Alhamisi sasa imeandikwa rasmi: masomo, joshoni. Niliisoma mbele ya wazazi, na mama yake Kamba akaniomba niirudie, si kwa sababu hakusikia.

Hasira yangu ilikuwa ya kweli na imekwisha kweli. Lakini na mimi nina langu. Miaka kumi na tisa nimekuja nyumbani mara nane. Kila nilipoahirisha safari nilikuandikia barua ndefu zaidi, nikaona nimelipa. Ningekuwa nakaa mbele yako ningejua zamani kwamba katikati hufiki. Sikujua kwa sababu sikuja. Kuteleza kwako bafuni nilikujibu kwa mkeka wa mpira, wakati wewe ulikuwa unaniambia kitu kingine.

Nitakuja Desemba, na hii si barua ndefu ya kuahirisha. Nimeomba ruhusa ofisini na nimeshaipata.

Mwanao


30 Juni

Mwanangu Mwalimu,

Nimeisoma yote. Imenichukua siku tatu na kidole changu. Neno "rasmi" nilimuuliza binti wa fundi cherehani, ambaye tangu yale mambo anapita mlangoni kwangu akiangalia chini. Nikampa chai. Kosa lilikuwa letu wawili, na mimi ndiye mkubwa.

Sasa mimi ndiye mwenye maswali. Fahali wa meneja aliingia josho au hakuingia? Hukusema. Kamba akifaulu Oktoba atasoma wapi, na nani atambebea kamba? Mchungaji, akimaliza chupa, utampa nini asome? Mimi naona apewe barua. Mtu akijifunza kwa chupa tu atadhani kila kilichoandikwa ni amri.

Nafasi ya shule ya hapa wamempa binti mdogo, ametoka mbali, ana begi moja. Nilimkuta jana amekaa kwenye ngazi za shule hajui maji yanafungwa saa ngapi. Nimempa chumba chako. Usinune, Desemba mtalala wote, kitanda ni kipana. Jioni anaponiambia amechoka namuuliza amechoka na nini, halafu nakaa nasikiliza mpaka amalize. Anaongea sana. Nadhani walimu wote mnaongea sana, sema mimi sikuwa nimemsikia hata mmoja.

Desemba njoo. Ila mimi sitangoja Desemba. Nimezungumza na dereva. Amekubali kunichukua mwezi wa nane, nikae mbele, na amesema ng'ombe watakuwa nyuma na ukuta wa chuma katikati. Nimemuuliza ukuta una unene gani, akanionyesha kwa vidole, havikuniridhisha sana hivyo vidole, lakini nakuja. Mdogo wako anasema nimechanganyikiwa. Amenitengenezea kiti cha kukunja.

Nitafika Jumatano ili nipumzike usiku mmoja. Kesho yake nitafutie sehemu ya kukaa hapo uziani ninapoweza kukusikia ukiuliza maswali. Pasiwe mbali, masikio yangu si kama zamani. Pasiwe karibu na pembe vile vile. Katikati hapo utajua mwenyewe pa kuniweka.

Mama yako, aliye njiani